Jirani Mwenye Nguvu: Tanzania na Demokrasia ya Uganda, 1979–1981

Vita vya Kagera husimuliwa kwetu kama habari yenye mwisho mmoja. Adui alivamia, akafukuzwa, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na vijana wetu wakarudi nyumbani na ushindi. Simulizi hili ni la kweli mpaka pale linapokomea. Lakini majeshi ya Tanzania hayakurudi yote mwaka ule. Yalibaki Uganda kwa zaidi ya miaka miwili, na katika muda huo nchi ile iliona marais wawili wakiondolewa madarakani, ikatawaliwa na Tume ya Kijeshi, ikapiga kura ambayo hadi leo inabishaniwa, na ikaingia katika vita vya msituni. Makala hii inahusu miaka hiyo miwili, ambayo masimulizi yetu ya ushindi huipita upesi. Swali lake ni hili: taifa linapokuwa na jeshi katika mji mkuu wa jirani aliye dhaifu, nalo likasema kwamba linataka jirani huyo ajitawale kwa kura za watu wake, je, linawajibika kwa kiasi gani kwa yale yatakayofuata?

Yafaa tueleze kwanza udhaifu huo. Kwa idadi ya watu tofauti haikuwa kubwa mno. Sensa ya Tanzania ya 1978 ilihesabu watu wapatao milioni 17.5, na ile ya Uganda ya 1980 watu wapatao milioni 12.6. Udogo wa Uganda ulikuwa wa namna nyingine. Jeshi lake lilikuwa limesambaratika, hazina ilikuwa tupu, polisi walikuwa wametawanyika, na utulivu wa mitaa ya Kampala ulitegemea askari wa taifa jingine. Nchi iliyo katika hali hiyo ni ndogo hata kama ramani haionyeshi hivyo.

Hoja ya Tanzania kabla ya vita

Tangu mwanzo Tanzania haikumtambua Idi Amin. Alipompindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Mwalimu Julius Nyerere alimpokea Obote Dar es Salaam na kumtendea kama rais aliyenyang'anywa haki yake. Jambo hili tulishike vizuri, maana tutalirudia. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliokuwa wakikaa Tanzania walijaribu kuivamia Uganda wakashindwa vibaya, na mwezi uliofuata nchi hizi mbili zikapatanishwa Mogadishu. Mwaka 1975, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Kampala na Amin akawa mwenyekiti wake, Tanzania ilikataa kuhudhuria. Hoja yake ilikuwa kwamba Afrika iliyopaza sauti juu ya mauaji ya Makaburu haikuwa na haki ya kunyamaza Mwafrika alipouawa na Mwafrika mwenzake.

Hoja hiyo ilikwenda kinyume na kanuni iliyopendwa sana na wakuu wa Umoja ule, yaani ya kutokuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Nyerere alikuwa ameshaivunja mara moja kwa uwazi, Aprili 1968, alipoitambua Biafra. Kwake mipaka ya dola haikuwa ukuta wa kumficha muuaji. Serikali nyingi hazikupenda kusikia hivyo. Sauti za Kanisa, na tuseme hili bila kujisifu, zilisikika kuliko za mabalozi. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana Uganda aliuawa tarehe 16 Februari 1977, siku chache baada ya yeye na maaskofu wenzake kumpelekea Amin barua ya kulalamikia mauaji. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia nchi yake wakati huo huo, akawa shahidi wa Uganda mbele ya walimwengu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao ndio Kagera ya leo, yakaua watu na kupora mifugo, na Amin akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Hotuba ya Mwalimu ya Novemba, ile ya uwezo, sababu na nia, ingali inakumbukwa na kila mtu aliyekuwa na masikio wakati ule. Lakini kuna kauli yake nyingine isiyokumbukwa sana. Alisema kwamba vita vilikuwa viwili. Watanzania walipigana ili kuilinda nchi yao, na Waganda walipigana ili kumwondoa dikteta wao. Kwa maneno mengine, Tanzania haikudai kwamba ilikwenda kuwapa Waganda serikali. Ilikuwa kauli ya busara na, naamini, ya kweli moyoni mwake. Shida ni kwamba jeshi la Waganda lililopigana katika hivyo vita vya pili lilikuwa dogo mno, hivyo mwishowe vita vyote viwili vilipiganwa na jeshi moja.

Kutoka Moshi hadi Entebbe

Kabla Kampala haijaanguka, makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yaliitwa Moshi, Machi 1979. Hapo kilizaliwa chama cha mwavuli, UNLF, pamoja na Baraza la Ushauri la Taifa chini ya Edward Rugumayo, na Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga. Profesa Yusuf Lule alichaguliwa kuwa mwenyekiti. Nyerere alimshawishi Obote asihudhurie, kwa kuwa alijua fika jinsi Obote alivyoogopwa katika Buganda tangu mwaka 1966, Kabaka alipopigwa na kufukuzwa katika ikulu yake. Hapa sera ya Tanzania ilikuwa katika ubora wake. Mwenye nguvu alimweka pembeni rafiki yake, akawaacha wengine wazungumze.

Lule aliapishwa tarehe 13 Aprili 1979, akadumu siku 68. Ugomvi ulikuwa juu ya kama rais aweza kuteua na kuhamisha mawaziri bila idhini ya Baraza, na kila upande ulidai kwamba ndivyo ilivyokubaliwa Moshi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Juni Baraza lilimwondoa, na Godfrey Binaisa, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu katika serikali ya kwanza ya Obote, akashika nafasi yake. Watu wa Kampala waliandamana kwa hasira wakigoma kufanya kazi bila Lule. Waliokabiliana nao mitaani walikuwa askari wa Tanzania. Lule mwenyewe alipelekwa Dar es Salaam na kuzuiliwa kwa muda kabla ya kuruhusiwa kwenda Uingereza.

Yawezekana Baraza lilikuwa na haki kisheria. Sina nia ya kumtetea Lule, ambaye alitaka madaraka zaidi ya yale aliyopewa. Lakini matokeo mbele ya macho ya Mganda wa kawaida yalikuwa wazi: rais wa Uganda alikuwa ameondolewa, na yule aliyewazuia watu kulalamika alikuwa na sare ya nchi ya jirani. Mwezi uliofuata, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Monrovia, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuivamia nchi mwanachama. Binaisa alisimama kuitetea. Nadhani lawama ile iliielekeza Tanzania mahali pabaya, maana ilikuwa juu ya vita, jambo ambalo Tanzania ilikuwa na haki nalo, na kwa hiyo wakuu wetu waliijibu kwa urahisi. Swali la nini kifanyike na nguvu zilizokuwa tayari Kampala halikuulizwa na mtu Monrovia.

Mei 1980

Hili ndilo tukio ninaloliona kuwa kiini cha habari yote. Mapema Mei 1980 Binaisa alijaribu kumwondoa Brigedia David Oyite Ojok, Mnadhimu Mkuu wa jeshi jipya la Uganda na mtu wa Obote tangu zamani. Wanajeshi wakateka Redio Uganda. Tume ya Kijeshi, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Muwanga na makamu wake Yoweri Museveni, ikatangaza kwamba imeshika madaraka. Binaisa alikuwa Ikulu ya Entebbe, akilindwa na askari wa Tanzania. Wakati huo Tanzania ilikuwa na askari wapatao 10,000 katika Uganda, na hapakuwa na kikosi cha Waganda ambacho kingeweza kushindana nao. Binaisa alingoja Tanzania imsaidie. Askari waliendelea kumlinda asidhurike, na hawakufanya zaidi ya hapo. Mambo hayo, ilisemwa, yalikuwa ya Waganda wenyewe.

Msomaji ayaweke matukio haya mawili pamoja. Juni 1979, rais asiyependwa na kundi la Obote alipoondolewa, jeshi la Tanzania lilituliza mitaa ili uamuzi ule usimame. Mei 1980, rais aliyemgusa Ojok alipoondolewa kwa bunduki, jeshi lile lile liligundua kanuni ya kutokuingilia. Mara ya kwanza lilitenda na mara ya pili lilitulia, na mara zote mbili njia ya Obote ilizidi kufunguka. Siku 15 hivi baada ya Binaisa kuanguka, tarehe 27 Mei 1980, Obote alirudi kutoka Tanzania na kushuka Bushenyi mbele ya umati mkubwa.

Sidai kwamba Mwalimu alipanga yote haya mezani kwake. Watu waliomjua vizuri wametofautiana kuhusu jambo hilo, na yawezekana kabisa kwamba aliamini Obote ndiye peke yake aliyeweza kuiunganisha nchi. Ninachosema ni kwamba nchi yenye askari 10,000 katika mji mkuu wa jirani haina tena uwezo wa kutokuingilia. Kukaa kimya kwake ni uamuzi, sawa na vile kutenda kwake kulivyo uamuzi. Kanuni ya kutokuingilia ilitungwa kwa ajili ya watu walio nje ya nyumba. Aliyekwisha kuingia, akakaa sebuleni akiwa na silaha, hawezi kusema kwamba ugomvi wa chumbani haumhusu.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Binaisa alitaka uchaguzi ufanyike chini ya mwavuli wa UNLF, wagombea washindane bila vyama. Hivyo ndivyo Tanzania ilivyokuwa ikifanya yenyewe tangu 1965: wagombea wawili wa ubunge, mmoja jembe na mwingine nyumba, wote wa chama kimoja. Kwa kanuni zetu wenyewe Binaisa ndiye aliyekuwa karibu nasi. Hata hivyo waliomwangusha walirudisha vyama vya siasa, na Tanzania ya chama kimoja ikaridhika. Tarehe 26 Oktoba 1980 Watanzania walimpigia Mwalimu kura ya ndiyo au hapana, akiwa mgombea wa pekee. Wiki sita baadaye Waganda walikwenda kuchagua kati ya vyama vinne, wakilindwa na askari ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kupiga kura ya namna hiyo.

Desemba 1980

Uchaguzi ulifanyika tarehe 10 na 11 Desemba. UPC ya Obote ilishindana na DP ya Paul Ssemogerere, UPM ya Museveni, na chama cha Conservative cha Mayanja-Nkangi. Kabla ya kura kupigwa, wagombea 17 wa UPC walikuwa wamekwisha kupita bila kupingwa, baada ya karatasi za wapinzani wao kukataliwa au wapinzani wenyewe kuzuiwa kuzirejesha. Siku ya pili habari zilienea Kampala kwamba DP inaongoza, na watu wakaanza kushangilia. Ndipo Muwanga alipotoa amri kwamba hakuna mtu, hata Tume ya Uchaguzi, atakayetangaza matokeo bila idhini yake mwenyewe. Atakayevunja amri hiyo angetozwa faini ya shilingi 500,000 au kufungwa miaka mitano. Matokeo yalipotoka, UPC ilikuwa na viti zaidi ya 70 kati ya 126, DP ikapata 50 na kitu, na UPM kimoja.

Jumuiya ya Madola ilikuwa imetuma waangalizi, wakiongozwa na Ebenezer Debrah wa Ghana. Walikiri kasoro nyingi, lakini wakasema kwamba uchaguzi kwa ujumla ulikuwa halali. Taarifa yao imelaumiwa sana. Mimi nawahukumu kwa upole kuliko wengine, kwa sababu walikuwa wageni wachache wenye kalamu tu. Aliyekuwa na uwezo wa kumwambia Muwanga afute amri yake usiku ule hakuwa Debrah. Alikuwa yule ambaye bila askari wake Muwanga asingelala salama Kampala. Mwito mmoja wa simu kutoka Dar es Salaam ungetosha kuiacha Tume ya Uchaguzi itangaze hesabu zake yenyewe. Hilo lisingehitaji risasi hata moja, wala kumchagulia Mganda rais. Lingelinda tu ile kura ambayo Tanzania ilisema inaitaka.

Utetezi wa Tanzania

Itakuwa si haki kuacha kusikiliza upande wa pili, nao una uzito. Vita viliigharimu Tanzania kiasi kinachokadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, na nchi tajiri zilizomlaani Amin kwa maneno hazikulipa. Wananchi waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18, na kila aliyeishi miaka ile anajua kwamba mikanda haikulegezwa miezi hiyo ilipokwisha. Maduka yalikuwa matupu, sabuni ikawa anasa. Kila mwezi wa kukaa Uganda ulikuwa mzigo. Zaidi ya hayo, kama Tanzania ingemrudisha Binaisa kwa mtutu, au kuufuta uchaguzi, lawama za Monrovia zingerudi mara kumi. Angeitwa mkoloni mpya yule aliyekuwa sauti ya wanyonge.

Nakubali hayo yote. Ila hoja ya lawama ina udhaifu mmoja, kwamba Tanzania haikujali lawama ilipovuka Mutukula. Aidha, rekodi yetu ya miaka ile haikuwa ya taifa lisilogusa serikali za wengine. Juni 1977 serikali iliyochaguliwa ya James Mancham huko Shelisheli ilipinduliwa na watu wa France-Albert René, na msaada wa Tanzania katika jambo lile unajulikana. Hapo hatukuhubiri kutokuingilia. Tulikuwa na marafiki, na wakati mwingine urafiki ulikwenda mbele ya kura.

Yafaa pia kutazama jinsi Nyerere mwenyewe alivyotenda baadaye. Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Burundi tarehe 25 Julai 1996, Nyerere alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa nchi ile. Siku chache baadaye viongozi wa kanda walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Madai yao yalikuwa kwamba bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo yaanze na pande zote. Safari hii hapakuwa na askari, wala mtu mmoja aliyetafutiwa kiti. Vikwazo viliwaumiza maskini kuliko wakubwa, na mashirika ya misaada yalilalamika kwa haki mpaka viliposimamishwa Januari 1999. Lakini ni vigumu kusoma orodha ile ya madai bila kuona kwamba Arusha 1996 yalidaiwa waziwazi mambo ambayo Kampala 1980 hayakudaiwa. Mapatano ya Burundi yalitiwa sahihi Arusha Agosti 2000, Mwalimu akiwa ameshafariki.

Kuondoka

Turudi Uganda. Obote aliapishwa Desemba 1980. Tarehe 6 Februari 1981 Museveni na watu wake walishambulia kambi ya Kabamba, na vita vya Luweero vikaanza, ambavyo viliua raia wengi mno kabla ya Kampala kutekwa Januari 1986. Ndani ya jeshi jipya la Uganda waliunganishwa wapiganaji wa Kikosi Maalum cha Obote na wale wa Fronasa ya Museveni, bila utii wao wa kwanza kuvunjwa. Tanzania ilikuwa imewapa silaha na mafunzo. Haikuwapa, na pengine haikuwa nayo ya kuwapa, desturi ya askari kumtii mtu aliyeshinda kura wasiyoipenda.

Katika Nile ya Magharibi, alikotoka Amin, askari wa Tanzania walikumbukwa kwa nidhamu. Wengi wa wenyeji waliogopa kuondoka kwao kuliko walivyoogopa kufika kwao. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwa maana Oktoba 1980 jeshi la Uganda liliingia huko kulipiza kisasi, na maelfu ya watu wakakimbilia Zaire na Sudan. Vikosi vya mwisho vya Tanzania viliondoka Uganda kati ya mwaka 1981. Tarehe 24 Juni mwaka huo askari wa serikali waliingia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, ambamo maelfu ya wakimbizi walikuwa wamejificha pamoja na wanawake na watoto wao, wakaua makumi yao ndani ya uzio wa misheni.